Matini Bila Isnadi: Uchambuzi wa Vijidaftari vya Mafundi wa Kompyuta

Kila fani iliyopata kustawi miongoni mwa wanadamu imekuwa na maarifa ya namna mbili: yale yaliyopangwa vitabuni kwa milango na fasili, ambayo mwanafunzi huyasoma kwa utaratibu mpaka akahitimu, na yale madogo madogo, yasiyo na mlango wala fasili, ambayo mwenye kazi huyaokota njiani na kuyaandika pembeni, kwa kuwa anajua fika kwamba mwezi ujao atayahitaji tena naye atakuwa ameyasahau. Watunga programu za kompyuta, na wenzao wanaochunguza usalama wa programu hizo, wameikuza namna hii ya pili kupita fani nyingine yoyote ninayoifahamu. Amri moja ya kutafuta faili lililopotea kati ya maelfu. Mistari sita ya kugeuza tarehe kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Namna ya kuiuliza seva inatumia cheti gani na kitakwisha lini. Orodha ya herufi za kujaribia iwapo fomu ya tovuti inakubali kudanganywa: hayo ndiyo maandishi yanayopita mkono kwa mkono kati ya watu hao usiku na mchana, na manufaa yake, ingawa hayana heshima ya kitabu, ni makubwa kuliko wanavyodhani wengi walio nje ya fani.

Muradi wangu hapa si kuyasifu maandishi hayo wala kuyalaumu, bali kuchunguza ni kitu gani hasa kinachosafiri yanaposafiri. Wanazuoni wetu wa pwani, waliosomea vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, walizoea kutenga mambo matatu: matini yenyewe, sharhi inayoieleza, na isnadi, yaani silsila ya watu waliopokezana mpaka neno likamfikia msomaji. Nadai kwamba kipande cha msimbo nacho kina mambo hayo hayo matatu. Kwamba uvumbuzi wa miaka sabini na ushei umeirahisishia matini safari yake huku sharhi na isnadi zikiachwa bandarini. Na kwamba sehemu kubwa ya ikhtilafu zinazowagawa mafundi leo, iwe juu ya hakimiliki, iwe juu ya kutangaza udhaifu wa programu, iwe juu ya mashine zinazotunga msimbo zenyewe, chimbuko lake ni hapo.

Tuanzie Cambridge, Uingereza, ambako mashine iliyoitwa EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949 chini ya uongozi wa Maurice Wilkes. Haukupita muda mrefu kabla ya waliokuwa wakiitumia kutambua kwamba sehemu kubwa ya kila programu mpya ni marudio ya zile zilizotangulia. Mashine ile haikuwa hata na amri ya kugawanya, hivyo kila aliyetaka kugawanya namba moja kwa nyingine alilazimika kuitunga njia upya, na kila aliyeitunga upya alikosea upya. Wilkes, pamoja na David Wheeler na Stanley Gill, wakajenga maktaba ya vijiprogramu, kila kimoja kikiwa kimetobolewa kwenye utepe wa karatasi na kuhifadhiwa katika kabati la chuma. Mwenye haja alikwenda kabatini, akautoa utepe, akaunakili kwa mtambo kwenye utepe wake mwenyewe, kisha akaurudisha. Kufikia 1951, walipochapisha kitabu chao juu ya utayarishaji wa programu, maktaba hiyo ilikuwa na vijiprogramu 87. La kuzingatia ni kwamba kila kijiprogramu kilikuwa na maelezo yake: kinachukua nafasi kiasi gani katika kumbukumbu, kinatarajia kuikuta namba gani mahali gani, jibu lake linawekwa wapi. Matini ilikuwa kabatini na sharhi ubavuni pake. Ama isnadi haikuhitaji kuandikwa, kwa sababu aliyeutunga utepe alikuwa jengo lilo hilo, na mwenye shaka angeweza kumgongea mlango.

Mlango huo ulianza kuwa mbali pale mashine zilipoongezeka. Mwaka 1955 watumiaji wa mashine kubwa za IBM huko California waliunda jumuiya waliyoiita SHARE, ili kampuni moja isilipe watu kutunga kile ambacho kampuni jirani ilikwisha kukitunga. Si jambo dogo kwamba makampuni yaliyokuwa yakishindana kujenga ndege yalikubali kupeana programu bila malipo. Lakini msimbo wakati huo haukuhesabiwa kuwa mali ya kuuzwa, na kila mtu alikuwa akinufaika kuliko alivyopoteza.

Mfano ulio mzuri zaidi, na ambao hata leo wapenda fani huusoma kwa ladha, ni waraka uitwao HAKMEM, uliotolewa mwezi Februari 1972 na maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, ukiwa umekusanywa na Michael Beeler, Bill Gosper na Richard Schroeppel. Waraka huo hauna mpango wa kitabu. Ni mafungu yaliyopewa namba, mengine mstari mmoja, mengine ukurasa, yakichanganya hisabati, umeme na hila za mashine kwa namna ambayo mhariri mkali asingeistahimili. Fungu la 169, lililo mashuhuri kupita mengine, linaeleza njia ya kuhesabu ni biti ngapi zimewashwa ndani ya neno moja la mashine bila kuzipitia moja baada ya nyingine. Njia hiyo iliandikiwa mashine za PDP-6 na PDP-10, ambazo neno lake lilikuwa na biti 36, na namba zilizotumiwa ndani yake zilichaguliwa kwa kuafikiana na urefu huo; anayeihamishia katika mashine ya biti 64 bila kulielewa hilo hatapata onyo lolote, atapata jibu la uongo. Lakini waraka unataja mashine yake, na mafungu mengi yana jina la mwenye kulileta wazo. Msomaji wa 1972 alijua amepokea kwa nani na kwa masharti gani.

Miaka minne baadaye, huko Australia, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales alifanya jambo ambalo mwanachuoni yeyote wa zamani angelitambua mara moja. Alichukua msimbo wa kiini cha mfumo wa Unix, toleo la 6, mistari ipatayo 9,000, akauchapa katika juzuu moja na kuipa kila mstari namba. Kisha akaandika juzuu ya pili, sharhi tupu, ikieleza matini ile fungu kwa fungu kwa faida ya wanafunzi wake. Toleo la 7 la Unix lilipokuja, leseni yake ilikataza msimbo kufundishwa darasani, na juzuu zile mbili zikawa kitu cha kunakiliwa kwa mashine za fotokopi, nakala ya nakala ya nakala, nyingine herufi zake zikiwa zimefifia kiasi cha kusomwa kwa kubahatisha. Hazikuchapishwa hadharani kwa ruhusa mpaka 1996. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza namna mfumo wa kompyuta unavyofanya kazi kwa nakala hizo za magendo, nami sioni kwamba ni sadfa kwamba kilichonakiliwa kwa juhudi kubwa namna hiyo kilikuwa matini pamoja na sharhi yake. Msimbo peke yake usingewafaa.

Tuangalie sasa upande wa pili, matini iliyosafiri pekee. Mwaka 2005 kampuni ya id Software iliutoa hadharani msimbo wa mchezo wake wa Quake III Arena, na ndani yake wasomaji wakakuta kijiprogramu kifupi cha kukokotoa kinyume cha kipeuo cha pili cha namba, hesabu ambayo michezo ya picha za pande tatu huihitaji mara nyingi mno kwa kila sekunde ili kujua mwanga unaangukaje juu ya ukuta. Kijiprogramu hicho hakifuati njia ya mashuleni. Huichukua namba ya desimali, hujifanya kwamba biti zake ni namba kamili, huzisogeza hatua moja, huzitoa kutoka kwa namba 0x5f3759df isiyoelezwa popote, kisha hulinyoosha jibu mara moja kwa kanuni ya Newton, na kosa linalobaki halifiki hata sehemu mbili kwa elfu. Maelezo ya pembeni yaliyoachwa na mwandishi mmojawapo yanaonyesha, kwa lugha isiyoandikika hapa, kwamba hata yeye hakujua kwa nini inafanya kazi.

Wengi walidhani mtunzi ni John Carmack, mkuu wa mafundi wa kampuni hiyo, akaulizwa, akakana. Mwandishi Rys Sommefeldt akaifuatia habari hiyo kwa barua, akimwendea mmoja na kuelekezwa kwa mwingine: Terje Mathisen akasema si yeye, Gary Tarolli akakiri kuutumia na kuurekebisha lakini si kuubuni, mpaka hatimaye mkondo ukafika kwa Greg Walsh, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ardent mwishoni mwa miaka ya 1980, ambaye naye alitaja fadhila za Cleve Moler, naye Moler alikuwa ameipata fikra ya namna hiyo katika msimbo wa William Kahan na K.C. Ng wa Berkeley. Mtu aliyepata kusoma namna wanazuoni wa hadithi walivyosafiri mji kwa mji kumhakiki mpokezi mmoja atauona ufanano bila kuonyeshwa. Na faida yake haikuwa ya kutosheleza udadisi tu. Tangu 1999 bongo za kompyuta za Pentium III zilikuwa na amri yake maalumu ya kufanya hesabu hiyo kwa hatua moja. Hila ile ilikuwa na haki ya kuwapo kwa mashine za wakati wake, na aliyeinakili miaka kumi baadaye, akiamini ameokota siri ya wajuzi, mara nyingi aliipunguzia programu yake kasi.

Mwaka 2008 Jeff Atwood na Joel Spolsky walianzisha Stack Overflow, mahali pa maswali na majibu ya watunga programu, na mwaka huo huo kampuni ya GitHub ilianza kazi. Tangu hapo kupata kipande cha msimbo kumekuwa kwepesi kuliko kukumbuka jina lake. Sitakana kheri iliyotokana na hayo: kijana asiye na mwalimu wala maktaba, madamu ana mtandao, anaweza leo kulitatua tatizo ambalo zamani lingemkalisha wiki nzima. Lakini uzito wa yaliyopotea nao umepimwa. Watafiti wa Ujerumani walipochunguza programu milioni 1.3 za simu za Android, katika utafiti uliotangazwa 2017, walikuta asilimia 15.4 zina vipande vya msimbo wa usalama vilivyotoka Stack Overflow, na kati ya hizo asilimia 97.9 zilikuwa na angalau kipande kimoja kisicho salama. Utafiti mwingine, wa 2018, ulikadiria kwamba vipande vilivyonakiliwa vikatajiwa asili yake, kama leseni inavyodai, havizidi robo.

Takwimu hizo mbili husomwa mbalimbali, moja na watu wa usalama na nyingine na watu wa sheria. Mimi naziona kuwa habari moja. Kuna kipande cha lugha ya Java, kilichoandikwa 2010, cha kuonyesha ukubwa wa faili kwa namna inayosomeka na binadamu, ambacho kimetajwa kuwa miongoni mwa vilivyonakiliwa kupita vyote. Kilikuwa na kosa: faili la baiti 999,999 liliandikwa kuwa kilobaiti 1000.0 badala ya megabaiti 1.0. Mtunzi wake alipoligundua miaka kadhaa baadaye alilisahihisha na kutangaza hadharani alikokosea, jambo la kiungwana. Lakini nakala zilizokwisha kuondoka hazikuwa na njia ya kupata habari. Aliyetaja asili angeweza angalau kurudi na kutazama. Asiyetaja alibaki na kosa lisilo na mwenyewe. Kutaja asili, basi, mbali na kuwa adabu kwa mtunzi, ni njia pekee ambayo sahihisho linaweza kurudi nayo.

Wako waliojaribu kulitatua hilo kwa kuacha kunakili kabisa: badala ya kipande, chukua kifurushi kinachotunzwa na mwenyewe, ili sahihisho lije lenyewe. Fikra nzuri, mpaka Machi 2016, mtunzi mmoja alipoviondoa vifurushi vyake katika ghala la npm baada ya kugombana na wasimamizi wake, kimojawapo kikiwa left-pad, mistari 11 tu ya kujaza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Miradi isiyohesabika ya makampuni makubwa ikakataa kujengeka kwa saa kadhaa. Mistari 11 ningeinakili, na jina la mtunzi nikaliandika juu yake.

Mpaka hapa nimezungumzia makosa yasiyokusudiwa. Kwa watafiti wa usalama mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa kijidaftari chao kimejaa, kwa asili ya kazi yao, njia za kuvunja. Swali la iwapo njia hizo zigawanywe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alizifungua kufuli za Chubb na za Bramah zilizosifiwa kuwa hazifunguliki bila ufunguo wake, hii ya pili ikimchukua saa 51 zilizoenea katika siku 16. Wenye viwanda walihamaki, na magazeti yakauliza kama ni halali kuwafundisha watu wizi. Jibu la upande wa Hobbs, lililochapishwa miaka miwili baadaye katika kitabu kuhusu kufuli, lilikuwa kwamba wezi ni mabingwa wa fani yao, wanayajua tayari tunayotaka kuwafundisha, na anayebaki gizani ni mwenye nyumba peke yake.

Hoja hiyo ndiyo inayorudiwa mpaka leo, na tarehe zimeipa nguvu kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuzipanga. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyojieneza yenyewe, iliyotungwa na Robert Morris, iliangusha sehemu kubwa ya mtandao wa wakati huo, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kumwaga data nyingi kuliko nafasi iliyotengwa mpaka ikafunika anwani ambayo mashine ingerudia. Kituo cha CERT, cha kushughulikia matukio ya namna hiyo, kikaundwa mwezi huo huo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Walakini ilipita miaka minane kabla ya mbinu hiyo kuelezwa hatua kwa hatua, pamoja na msimbo wake, katika makala ya mtu aliyejiita Aleph One, iliyotoka 1996 ndani ya toleo la 49 la jarida la Phrack. Bila shaka waliosoma walikuwamo waovu. Lakini mbinu ilikuwa mikononi mwa waovu tangu 1988. Walioipata 1996 ni walimu, wanafunzi na watunza mifumo, na kinga zilizojengwa baadaye ndani ya mifumo ya kompyuta zilijengwa na watu walioielewa.

Kinyume chake kina mfano wake pia. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa na msimbo wa kushambulia mashine za Windows, uliojulikana kwa jina la EternalBlue, nalo likauficha. Msimbo ukaibwa, Microsoft ikatoa kiraka Machi 2017, wezi wakaumwaga hadharani Aprili, na tarehe 12 Mei programu ya WannaCry ikautumia kufunga kompyuta duniani kote, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Siri haikuwa kinga, ila ilikuwa deni lililocheleweshwa. Wakati huo huo ni lazima nikiri kwamba kati ya Aprili na Mei waliotiwa hasarani ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka, na aliyeumwaga msimbo ule kwa wote hakuwasaidia. Ndiyo maana desturi iliyoshinda ni ya katikati: mtafiti humwarifu mwenye programu kwa siri, humpa muhula, kisha hutangaza. CERT hutoa siku 45. Kundi la Project Zero la Google, lililoanzishwa 2014, hutoa 90. Muhula huo una maana kwa sababu tu kuna tishio la kutangaza baada yake. Bila tishio hilo, makampuni yaliwahi kukalia taarifa kwa miaka.

Sheria, kwa bahati mbaya, haitofautishi kijidaftari na zana ya mwizi. Ujerumani ilitunga kifungu mwaka 2007 kinachoharamisha kutengeneza na kusambaza programu zinazokusudiwa uhalifu wa namna hiyo, na watafiti wengine wakaondoa kazi zao hadharani kwa hofu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na ile ya Kenya ya 2018, nazo zina makatazo juu ya vifaa, programu na maneno ya siri yaliyokusudiwa kutendea kosa. Kila moja huegemea nia, na nia haionekani ndani ya matini. Mistari ishirini inayojaribu kama seva ina udhaifu fulani ni ile ile mikononi mwa mlinzi na mikononi mwa mwizi. Kinachotofautisha ni yaliyoandikwa kuizunguka: imetungwa kwa mashine ipi, kwa ruhusa ya nani, udhaifu umetangazwa lini, kiraka kiko wapi. Mtafiti anayegawa msimbo mtupu hujinyima yeye mwenyewe ushahidi ambao siku moja angeuhitaji mbele ya hakimu.

Kuna na yale yanayojipachika kwenye matini bila kuonekana. La kawaida kupita yote ni siri ya mgawaji mwenyewe. Watafiti wa Marekani walioitazama GitHub kwa muda wa karibu miezi sita walieleza mwaka 2019 kwamba walikuta funguo za siri katika hazina zaidi ya 100,000, na mpya zikiongezeka kila siku kwa maelfu. Na aliyezifuta katika toleo lililofuata hakuwa amezifuta, kwa kuwa kazi ya mfumo ule ni kukumbuka kila toleo lililotangulia. Lenye hila zaidi ni lile lililofichuliwa 2021 na Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Cambridge. Kuna herufi zisizoonekana, zilizowekwa katika kanuni za maandishi ili Kiarabu na Kiebrania, zinazokwenda kutoka kulia, ziweze kukaa mstari mmoja na lugha zinazotoka kushoto. Wao walionyesha kwamba herufi hizo zikitiwa ndani ya msimbo, jicho la msomaji husoma mpangilio mmoja na mashine husoma mwingine. Sisi ambao lugha yetu imeandikwa kwa hati zote mbili tungepaswa kuwa wa kwanza kulishuku hilo.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, kipande ambacho bila shaka kimepita mikono mingi ni kile cha kuomba malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliufungulia watunga programu mwaka 2017. Huduma inataka namba ya simu ianze kwa 254, ilhali mteja huiandika kwa sifuri. Basi kipande hukagua kwamba namba inaanza kwa 07, hukata sifuri, hutia 254. Kilikuwa sahihi siku kilipoandikwa. Kuanzia 2019 Kenya ikagawa namba zinazoanza kwa 01, na kila duka lililonakili mistari ile bila kujua sharti lake likawa linawakataa wateja halali wenye fedha mkononi. Kipande hicho hicho huunda nywila kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo na wakati, kisha kuugeuza mkusanyiko huo kwa mfumo wa base64. Na wengi huamini kwamba kwa kuwa matokeo hayasomeki basi yamefichwa, kumbe yeyote aweza kuyarudisha kwa amri moja. Na aghalabu kinakomea pale malipo yanapopita, bila neno juu ya kuhakiki kwamba taarifa ya malipo iliyofika kwenye seva imetoka kweli kwa mwenye huduma na si kwa mtu aliyeibahatisha anwani. Sehemu inayonakiliwa ni ile inayofurahisha. Sehemu inayolinda fedha haimo.

Mwaka 2021 GitHub ilipoionyesha Copilot, mashine iliyofundishwa kwa msimbo wa hadharani ili imtungie mtu wake, haikuchukua siku nyingi kabla ya mtu kuipata ikitoa, neno kwa neno, kijiprogramu kile cha Quake pamoja na maneno yake ya pembeni yasiyoandikika, na juu yake leseni isiyo yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakaijaribu mwaka huo huo kwa programu 1,689 zenye kuhusu usalama. Takriban asilimia 40 zilikuwa na udhaifu. Mashine za leo ni bora zaidi, wala sioni haja ya kuzikimbia. Hata hivyo zimekamilisha safari niliyoieleza: sharhi sasa hutungwa papo hapo, kwa ufasaha, kwa matini yoyote, iwe sahihi au batili, na isnadi haipo hata ya kutafutwa, maana jibu limechanganywa kutoka kwa maelfu ya watu ambao hakuna aliyewaandika.

Kwamba yanawezekana mengine, ushahidi upo ndani ya karibu kila simu na kompyuta inayofanya kazi. Ni hazina ya majira ya saa duniani, iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980 na kutunzwa baadaye na Paul Eggert: mafaili ya maandishi matupu yanayoeleza kila mahali saa zake zilikuwa ngapi na zilibadilishwa lini. Nairobi imo, pamoja na miaka ya ukoloni ambapo saa zake zilikuwa mbele ya zile za Greenwich kwa saa 2 na nusu, na tena kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye 3 za sasa. Na Dar es Salaam na Kampala huelekezwa huko huko. Lakini ajabu ya mafaili hayo ni hashiya yake, yaani maelezo yanayoambatana na matini. Kabla ya namba huja maelezo: nani aliandika, alisoma gazeti gani la serikali, nani alimpinga, kwa nini kauli hii imepewa nguvu juu ya ile. Katika sehemu nyingine hashiya ni ndefu kuliko matini, na anayetaka kubadilisha kitu huombwa kwanza alete ushahidi wake.

Uaminifu huo uliwahi kuwaponza watunzaji wake. Mafaili yalitaja waziwazi kwamba tarehe nyingi za zamani zilitoka katika atlasi fulani iliyotungwa kwa ajili ya wapiga falaki, na mwaka 2011 kampuni ya Marekani yenye haki za atlasi hiyo, Astrolabe, iliwashtaki Olson na Eggert kwa kunakili. Hazina ikaondolewa hadharani kwa siku chache, kisha shirika la ICANN likaichukua chini ya ulinzi wake. Na mapema 2012, baada ya mawakili kueleza kwamba tarehe ambayo nchi ilibadilisha saa zake ni tukio na si utunzi, Astrolabe iliifuta kesi. Jina la atlasi halikuondolewa. Limo humo mpaka sasa, pamoja na onyo la watunzaji kwamba si kila lililomo ndani yake la kuaminika.